Kwa nini wasioane Jumapili? Uchambuzi wa kambi moja ya waandishi wa hadithi za mapenzi

Waandishi 12 wanaouza hadithi za mapenzi kwa sehemu kwenye makundi ya WhatsApp walipanga kukutana Bagamoyo, Ijumaa jioni hadi Jumapili mchana. Tangazo lilitaja lengo moja: kila mmoja aje na hadithi yake ndefu ya mtandaoni, aondoke na mpango wa riwaya ya kuchapwa yenye maneno kati ya 45,000 na 55,000. Waliofika walikuwa 10. Walioondoka na mpango uliokamilika walikuwa sita.

Wanne waliobaki nyuma hawakupungukiwa kipaji. Wawili kati yao ndio wenye wasomaji wengi kuliko wote. Kilichowatenganisha na wenzao ni mambo madogo ya maandalizi, pamoja na muda uliopotea Jumamosi. Kisa hiki kinafaa kuchambuliwa kwa sababu kambi nyingi za namna hii huharibika kwa njia hiyohiyo, na karibu kila kosa lililofanyika linazuilika kabla mtu hajapanda basi.

Tuanze na fedha, maana ndizo zilizokula asubuhi ya Jumamosi. Hesabu ilikuwa hivi: vyumba saba vya watu wawiliwawili kwa 60,000 kwa usiku, kwa siku mbili, ni 840,000 (kimoja cha mhariri wa kambi peke yake). Chakula na chai 49,000 kwa kila kichwa, watu 13, ni 637,000. Banda la makuti la kufanyia kazi 160,000, posho ya mhariri 350,000, manila, kalamu na gundi 45,000. Jumla 2,032,000. Kila mwandishi akatakiwa kuchanga 170,000, zikawa 2,040,000, yaani ziada ya shilingi 8,000 tu. Hakuna aliyetakiwa kulipa kianzio. Alhamisi usiku wawili wakajitoa kwa ujumbe wa simu, mmoja kwa msiba, mwingine kwa kazi. Vyumba vilishalipiwa na samaki walishaagizwa. Pengo likawa 332,000. Mhariri akakubali 150,000 zake zingoje, na 182,000 zilizobaki wakagawana watu kumi, kila mmoja 18,200. Mchango huo ulijadiliwa Jumamosi saa tatu asubuhi, watu wakiwa wameshakaa na miswada mkononi. Dakika 40 zikapotea, na wawili waliokuwa wamejibana ili waje wakanyamaza hadi saa sita.

Njia inayofanya kazi ni kianzio cha nusu ya mchango siku 14 kabla, na kisirudishwe mtu akijitoa zikiwa zimebaki siku saba. Ongeza fungu la dharura la asilimia 10. Kwa hesabu hii, mchango ungekuwa kama 187,000. Ni nyingi zaidi, lakini mtu anazijua tangu mwanzo.

Mahali nako kulikuwa na lake. Bagamoyo iko kama kilomita 70 kutoka katikati ya Dar es Salaam, na ndiyo maana ilichaguliwa. Lakini Ijumaa jioni barabara ya Tegeta na Bunju hujaa, na aliyetoka kazini saa kumi alifika saa mbili usiku. Kipindi cha Ijumaa, kilichokuwa cha kila mtu kueleza hadithi yake kwa dakika tatu, hakikufanyika. Ukaribu huo ulifungua na mlango wa kutokea: mshiriki mmoja aliondoka Jumamosi saa tisa kuwahi kitchen party ya binamu yake, akaahidi kurudi usiku. Hakurudi. Huwezi kumlaumu. Kwa mwanamke wa Dar, Jumamosi ni siku ya shughuli, na kadi ya mchango ilishachukuliwa miezi miwili nyuma. Anayepanga kambi aulize tarehe za shughuli za washiriki kabla ya kuulizia vyumba.

Sasa kazi yenyewe.

Ratiba ya Jumamosi ilisema saa 3:00 hadi saa 5:00 asubuhi kila mmoja asome kurasa zake bora, maneno 1,500, kisha wenzake watoe maoni. Aliyeipanga hakupiga hesabu. Maneno 1,500 ya Kiswahili yakisomwa kwa sauti ya kusikika kwenye banda lililo wazi huchukua dakika 12 hadi 14. Watu kumi ni saa mbili au zaidi za kusoma tu, kabla hata ya neno moja la maoni. Kwa kuwa walianza saa 3:40, hadi kufika saa 5:30 walikuwa wamesoma wanne.

Tatizo la muda lilikuwa na lingine chini yake. Kurasa bora hazionyeshi ugonjwa wa hadithi. Mwandishi wa sehemu anajua kuandika ukurasa mmoja mzuri. Ndiyo kazi yake ya kila usiku. Anajua kumkatiza msomaji mlango unapogongwa, aandike “Itaendelea”, watu wakose usingizi. Kwa hiyo maoni ya asubuhi ile yalikuwa ya aina moja: “Dada, umetisha,” “Hapo kwenye mvua pamenigusa,” “Rekebisha koma.” Hakuna aliyeweza kujua kama hadithi nzima ina uti wa mgongo, kwa sababu hakuna aliyeiona nzima.

Mhariri akasimamisha usomaji. Akauliza swali ambalo baadaye liligeuka kipimo cha kambi yote: hawa wawili wanapendana, wana umri, hawana ndoa nyingine. Kwa nini wasioane Jumapili hii?

Majibu yaliyotoka: mama yake hataki. Kuna tajiri anamtaka binti. Amepata ajali amepoteza kumbukumbu. Rafiki amemwekea dawa. Baba alificha kuwa ni ndugu. Majibu yote kumi yalikuwa kizuizi kinachotoka nje. Kizuizi cha nje si dhambi, na riwaya nyingi nzuri zinacho. Shida yake ni kwamba hakiwadai wapenzi chochote. Mama akifa au akikubali, hadithi imekwisha, na mwandishi anayetaka kufika sehemu ya 60 hulazimika kuleta mama mwingine. Ndiyo sababu katikati ya hadithi za mtandaoni kunakuwa na kutekwa, sumu na hospitali mfululizo: kila kizuizi kinakufa na kingine kinazaliwa, huku wapenzi wenyewe wakibaki walewale wa sehemu ya kwanza.

Hapo ndipo kadi zilipoingia. Manila 40 zilikatwa vipande 16 kila moja. Kila sehemu ya hadithi ikapewa kadi yake, na juu ya kadi mambo matatu tu: nani wapo na wako wapi, kitu gani kimebadilika kati ya wapenzi hao wawili, na kizuizi cha sehemu hiyo kinatoka wapi, N kwa nje na M kwa moyoni. Kama hakuna kilichobadilika, kadi iachwe wazi mstari wa pili. Kuandika kadi 60 kunachukua dakika 90 hivi ukiwa na hadithi yako mbele. Kisha kadi zinapangwa sakafuni kwa safu, mwandishi anasimama, anaitazama hadithi yake kutoka juu kama anayetazama mkeka.

Wawili walikwama hapohapo. Hawakuwa na nakala ya hadithi zao. Sehemu zote zilikuwa ndani ya makundi ya WhatsApp. Mmoja alishabadili simu, mwingine alifuta mazungumzo kupunguza mzigo wa simu. Wakawa wanawaomba wasomaji wao wawatumie, na zikaja vipande vipande, nyingine zikiwa zimeondolewa jina la mwandishi na kuwekewa la mtu mwingine. Kila mwandishi wa sehemu anapaswa kuwa na faili moja lililo nje ya WhatsApp, lenye sehemu zote kwa mpangilio, na nakala yake kwenye barua pepe. Kwa kambi, hilo liwe sharti: usipotuma faili siku tano kabla, huji na hadithi hiyo, unakuja na nyingine.

Jambo lingine la kizembe: ulikuwa mwezi wa Julai, upepo wa kusi umekaza, na banda liko ufukweni. Saa tisa alasiri kadi za watu watatu ziliruka kwa pamoja. Zilishikiliwa kwa makome na vipande vya matumbawe, lakini nusu saa ilienda kuzipanga upya kwa sababu hazikuwa na namba. Andika namba ya sehemu pembeni kabla ya kitu kingine chochote.

Tutazame hadithi moja kwa karibu, kwa ruhusa ya mwenyewe. Mwanaidi ni nesi wa zahanati Tanga, miaka 31. Salehe ni fundi wa injini za boti. Hadithi ina sehemu 64, kila moja kama maneno 800, jumla maneno 51,000 na ushei. Kwa idadi, riwaya ipo tayari. Lakini kila sehemu inaanza na “Ilipoishia” ya maneno 70 hivi. Ukizitoa zote yanapungua karibu maneno 4,500. Na kadi zilisema zaidi: N zilikuwa 47, M zilikuwa sita, na 11 hazikuwa na kizuizi chochote. Katika kadi 64, wapenzi hawa walikuwa mahali pamoja kwenye kadi 14. Robo tatu ya hadithi ya mapenzi, wapenzi hawaonani.

Mwandishi alisimama mbele ya kadi zake muda mrefu. Alipoulizwa tena swali la Jumapili alisema mama yake Salehe. Mhariri akasema, mama amekubali leo asubuhi. Sasa? Akafikiri, akasema labda Mwanaidi mwenyewe hatataka. Kwa nini? Akakumbuka jambo aliloandika sehemu ya nane na kulisahau: Mwanaidi aliwahi kumsomesha mchumba chuo, naye alipohitimu akaoa mwingine. Tangu hapo anaandika kwenye daftari kila senti anayompa mtu. Sehemu ya nane ilikuwa imelitaja daftari kwa sentensi moja, kama pambo.

Daftari hilo ndilo lililokuwa hadithi. Mwanamke asiyeweza kutoa bila kuandika amekutana na mwanamume asiyeweza kuvumilia kudaiwa. Hapo kizuizi kiko ndani ya wote wawili, na wakikutana kila siku ndipo kinapoongezeka. Mwandishi hahitaji tena kuwatenganisha kwa ajali. Anahitaji kuwaweka pamoja.

Mwandishi alikuwa ameandika hivi mkutano wao wa tatu: “Mwanaidi alimtazama Salehe kwa macho yaliyojaa mahaba. Moyo ulimwenda mbio. Hakujua kuwa nyuma ya mlango mama yake Salehe alikuwa akiwasikiliza.” Jumamosi jioni, kwa dakika 50, aliandika upya hivi:

“Mwanaidi alimlipa bodaboda, elfu mbili. Akafungua mkoba, akatoa daftari, akaandika akiwa bado amesimama. Salehe alisoma kichwa chini miguu juu: S., nauli, 2,000.
‘Ndiyo nini hii, bi Mwanaidi?’
‘Hesabu zangu.’
‘Na mimi nimo?’
‘Kila mtu yumo.’
Akaingiza mkono mfukoni, akatoa noti mbili za elfu zilizonuka dizeli, akaziweka juu ya ukurasa.
‘Basi nifute.’”

Ya kwanza inaeleza hisia na kukimbilia mlangoni kutafuta taharuki. Katika ya pili hakuna neno mahaba wala moyo, lakini msomaji anajua hawa wawili wameshikana na wataumizana. Na taharuki ipo: anataka kujua kama jina litafutwa.

Mama mkwe hakutupwa nje. Alipewa kazi mpya. Badala ya kufungia watu milango, sasa ndiye anayemwambia Mwanaidi kwamba yeye ni mwanamke wa kununua wanaume. Maneno hayo yanaangukia kwenye kidonda kilekile, kwa hiyo yana nguvu kuliko sumu yoyote. Hii ndiyo kanuni iliyowasaidia wale sita wote: usifute kizuizi cha nje, kifunge kwenye cha ndani. Kama hakifungiki, hapo sasa kifute.

Jumamosi alasiri ulizuka ubishi mkubwa ambao haukuwa kwenye ratiba, na ulistahili muda wote uliotumika. Mshiriki mmoja alikataa kubadili mwisho wa hadithi yake, ambapo binti anakufa na kijana anabaki na majuto. Alisema hadithi ya mapenzi ya Kiswahili lazima iwe na funzo. Upande wa pili walisema wasomaji wao huacha kulipa wakihisi kifo kinakuja. Chama cha waandishi wa riwaya za mapenzi cha Marekani, Romance Writers of America, kilichoanzishwa 1980, kiliweka masharti mawili: mapenzi yawe kiini cha hadithi, na mwisho uwe wa matumaini wenye kuridhisha moyo. Si lazima sharti la Marekani liwe amri Bagamoyo. Lakini linasaidia kutofautisha aina mbili ambazo kwetu zinauzwa kwa jina moja: hadithi ya mapenzi, na hadithi ya onyo iliyo na wapenzi ndani. Ya pili ina historia ndefu na heshima yake. Kosa ni kumwahidi msomaji ya kwanza kwenye jalada, kisha kumpa ya pili. Mshiriki huyo aliondoka bila mpango wa kambi, lakini akiwa na uhakika anaandika nini, na hilo si hasara. Ni kambi iliyopaswa kumuuliza kabla hajalipa.

Usiku ulikuwa wa kujadili mambo ya chumbani. Mwandishi wa Kiswahili hapa ana ugumu wake: maneno mengi yaliyopo ni ya hospitali au ya kijiweni, na yote mawili yanaua ukurasa. Kilichosaidia ni kurudi kwenye tafsida za pwani. Udi chini ya kitanda, asumini kwenye mto, kanga mpya ambayo jina lake linasema kile mvaaji asichoweza kukisema. Washiriki walipewa dakika 20 waandike usiku wa wapenzi wao bila kutaja kiungo chochote cha mwili kilicho chini ya shingo. Kurasa zilizotoka zilikuwa na joto kuliko zile za mwanzo, kwa sababu mwandishi alilazimika kuangalia nani anaogopa nini. Kuna na sababu ya kisheria: Kanuni za Maudhui Mtandaoni za Tanzania za 2020 zinakataza maudhui ya ngono, na anayeuza sehemu kwenye simu hana budi kulikumbuka hilo. Jambo moja la adabu lilisahaulika: kambi ilikuwa ya wanawake wanane na wanaume wawili, na hakuna aliyeulizwa kama yuko tayari kusoma kwa sauti. Wawili walitoka nje kimyakimya. Ingetosha kusema mapema kwamba kurasa za kipindi hiki hazisomwi, anaonyeshwa mtu mmoja utakayemchagua.

Kipindi hichohicho kilivunjwa mara tatu na simu. Saa tatu usiku ndiyo saa ya kutuma sehemu mpya, na wasomaji waliolipia walianza: “Admin, ya leo iko wapi?” Waandishi watatu wakajitenga kuandika. Hawakuwa na jinsi, watu wametoa hela zao. Dawa ni kuandika sehemu tatu za akiba wiki iliyotangulia, au kuwatangazia wasomaji mapumziko ya siku tatu mapema. Msomaji aliyeambiwa husubiri. Tena waandaaji walikuwa wamedhani kila mtu ana kompyuta, kumbe sita kati ya kumi huandika kwa simu, kwa vidole gumba. Banda lilikuwa na soketi mbili. Kwa kambi kama hii beba nyaya za kugawia umeme angalau nne, na kompyuta zisiwe sharti.

Hofu ya kuibiana ilikuwapo chini kwa chini, na ilipunguza uwazi wa watu Ijumaa na Jumamosi asubuhi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda maandishi tangu yanapoandikwa, hata kabla ya kusajiliwa, lakini hailindi wazo tupu. Daftari la Mwanaidi kama wazo, mtu anaweza kulichukua. Kwa hiyo makubaliano ya karatasi moja, yakisainiwa Ijumaa, yana faida: hakuna kupiga picha kadi za mwenzako, hakuna kusambaza rekodi, na wazo lililozaliwa mezani kwa hadithi ya mtu ni la mwenye hadithi. Karatasi hiyo iliandikwa Jumamosi mchana. Ingeandikwa mapema, wangezungumza mapema.

Jumapili ilikuwa fupi, saa mbili hadi saa sita, na ilienda vizuri kwa kuwa kazi ngumu ilishafanyika. Kila aliyekuwa na kadi alizipunguza hadi sura 25 za maneno kama 2,000. Wapenzi wakutane sura ya kwanza au ya pili. Kufikia sura ya 12 au 13 kila mmoja awe ameshamwonyesha mwenzake kile anachokificha. Kuvunjika kuje sura ya 19 hivi, na kusababishwe na kizuizi cha moyoni, si na mgeni aliyeshuka kutoka kwenye basi. Kwa Mwanaidi, injini anayoitegemea Salehe inaungua, na Mwanaidi anailipia kwa siri. Salehe anafungua daftari anakuta jina lake, mbele yake hakuna kiasi. Haoni kwamba kukosekana kwa kiasi ndiyo mara ya kwanza mwanamke huyu ametoa bila kudai. Anachoona ni jina lake tu, anaondoka.

Mwendo uliokubaliwa ni maneno 400 kwa siku, siku sita kwa wiki, yaani 2,400. Riwaya ya maneno 50,000 inakamilika kwa wiki 21. Kila Alhamisi saa mbili usiku wawiliwawili wanapigiana simu na kutajiana namba ya sura tu, bila kusomeana. Wiki sita baadaye, kati ya sita, wanne walikuwa wamevuka sura ya saba. Wawili waliosimama walikuwa wamerudi kuandika sehemu mbili kwa usiku kwa ajili ya kodi ya nyumba, na wenzao wakakubaliana nao washuke hadi maneno 150 kwa siku. Mwandishi wa Mwanaidi alikuwa sura ya tisa, na bado alikuwa hajaamua nani atashika kalamu kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari.